Mwanamume Mtulivu na Msikivu: Kwa Nini Huvutia, na Jinsi ya Kumtambua

  Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii.

Mada yetu ya leo itawafanya baadhi yenu mcheke. Mtasema, "Muuguzi leo ameacha chanjo na uji wa mtoto, amekuja na mambo ya mapenzi!" Ni kweli, leo tunazungumza juu ya kitu kinachowavuta wanawake kwa wanaume. Lakini tunakizungumzia kwa sababu mwanamume ambaye binti yako atamchagua atakuwa sehemu ya afya yake kwa miaka mingi. Ndiye atakayekuwa kando yake akiwa mjamzito, akinyonyesha, akiugua na akichoka. Anaweza kuwa dawa ndani ya nyumba, na anaweza pia kuwa ugonjwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu uliofanywa hapa Kenya mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Hiyo ni karibu mwanamke mmoja katika kila watatu. Na kwa wale waliowahi kuolewa, aliyetajwa zaidi kuwa ndiye aliyewaumiza ni mume au mpenzi. Wengi wa wanawake hao hawakuchagua mtu mkali. Walichagua mtu waliyemwona anawapenda. Kwa hiyo, kujua kutofautisha utulivu wa kweli na ule wa kuigiza ni elimu ya afya kama elimu nyingine yoyote.

UTULIVU NI NINI HASA?

Kwanza tuondoe mawazo yasiyo sawa. Mwanamume mtulivu si mtu asiyekasirika. Kila binadamu hukasirika. Mtulivu ni yule anayeweza kuibeba hasira yake bila kuitupia watu wengine. Anajua thamani yake, kwa hiyo hana haja ya kumshusha mwingine ili yeye aonekane juu. Ukimwambia, "Hapo hukufanya vizuri," anaweza kuumia, lakini haoni kwamba uanaume wake umeisha. Huko ndiko kujiamini.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya na utulivu.

La kwanza ni majivuno. Mwenye majivuno anaingia mahali kwa kelele, anasimulia pesa zake, gari lake na wasichana aliowaacha. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mtu anayejiamini hahitaji kujitangaza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

La pili ni kununa. Mume anayekaa siku tatu bila kumsemesha mkewe hajatulia. Anamwadhibu kwa ukimya. Nyumba inaweza kuwa kimya kabisa na bado kila mtu ndani yake anatembea kwa hofu. Hata watoto wadogo huihisi.

La tatu ni uoga. Mwanamume anayekubali kila neno, asiyeweza kusema anachotaka, halafu anakwenda kulalamika kwa marafiki, huyo pia si mtulivu. Mtulivu anaweza kusema "hapana", au "sikubaliani na hilo", kwa sauti ya kawaida, na mazungumzo yakaendelea.

KWA NINI MWANAMKE HUVUTWA NA MTU WA NAMNA HIYO?

Jibu la kwanza liko mwilini. Mtu anapoogopa, mwili wake unajiandaa kupigana au kukimbia. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, na mwili unatoa homoni za hofu kama adrenalini na kotisoli. Hali hiyo inasaidia ukikutana na nyoka njiani. Lakini ikiwa ndiyo hali yako kila unaposikia mlango ukifunguliwa jioni, inadhuru. Usingizi unapotea, presha inaweza kupanda, na kichwa kinauma mara kwa mara.

Mbele ya mtu mtulivu anayekusikiliza, mwili unafanya kinyume. Mabega yanashuka, pumzi inarefuka, moyo unarudi katika mwendo wake. Mwanamke anaweza kusema tu, "Sijui kwa nini, lakini nikiwa naye najisikia vizuri." Mwili wake umeshajua kabla ya mdomo kupata maneno.

Watafiti wa Marekani walilipima jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006. Waliwaweka wanawake 16 walioolewa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo, wakawaambia kwamba huenda wakapata mshtuko mdogo wa umeme. Kisha wakalinganisha hali tatu: mwanamke akiwa peke yake, akiwa ameshikwa mkono na mtu asiyemjua, na akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Aliposhikwa na mumewe, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hatari zilitulia zaidi. Na kadiri ndoa ilivyokuwa nzuri, ndivyo utulivu huo ulivyoongezeka. Kundi lile lilikuwa dogo, lakini linatuonyesha jambo ambalo wanawake wengi wanalijua: mkono wa mtu unayemwamini unapunguza hofu.

Jibu la pili ni kwamba wanawake wanafikiria kesho. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowauliza watu zaidi ya 10,000 katika tamaduni 37 wanataka nini kwa mwenzi wa maisha. Zambia, Nigeria na Afrika Kusini zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Wanawake walijali uwezo wa kipato kuliko wanaume walivyoujali. Hilo halishangazi, watoto wanahitaji kula. Hata hivyo, yaliyokuwa juu zaidi ni upendo wa pande zote mbili, mtu wa kutegemewa, utulivu wa hisia, na wema wenye kumwelewa mwenzake. Wanaume nao waliyaweka hayo juu.

Kwa hiyo kijana akikwambia, "Mama, wasichana wa siku hizi wanataka pesa tu," mwambie pesa wanaitazama, lakini mtu wa kukaa naye wanamtafuta kwa mengine.

USIKIVU UNAONEKANAJE?

Usikivu ni zaidi ya kunyamaza mwenzako anapozungumza. Tuchukue mfano wa nyumbani. Mama ana mimba ya miezi minane. Jioni anamwambia mumewe, "Baba Juma, kichwa kinaniuma tangu asubuhi."

Mume wa kwanza macho yako kwenye simu. Anasema, "Kunywa maji ulale. Hata mimi nimechoka."

Mume wa pili anaweka simu chini. Anauliza, "Kinauma upande gani? Je, unaona vizuri? Mbona uso umevimba hivi?" Halafu anasema, "Leta kile kijitabu cha kliniki, nampigia mtu wa bodaboda sasa hivi."

Akina mama, kichwa kinachouma sana wakati wa mimba, kuona ukungu au vimulimuli, kuvimba uso na mikono, na maumivu makali juu ya tumbo ni dalili za hatari. Zinaweza kuwa za presha ya mimba, ambayo isipotibiwa huweza kuleta kifafa cha mimba na kumuua mama na mtoto. Dalili nyingine za hatari ni kutokwa na damu, homa kali, degedege, maji ya uzazi kutoka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Dalili hizi haziwezi kungoja kesho. Mume wa pili hakuwa daktari. Alisikiliza tu, akaangalia, akauliza, akachukua hatua bila kelele. Huo ndio usikivu, na unaokoa maisha.

Usikivu pia uko katika mambo madogo. Ni mwanamume anayekumbuka ulichomwambia juzi kuhusu mguu wa mama yako. Anayekungoja umalize sentensi. Anayeona umelala saa tatu tu kwa sababu ya mtoto, akambeba mtoto bila kuombwa. Anayekuuliza, "Wewe unaonaje?" kabla hajaamua kuuza mbuzi, na jibu lako likabadilisha jambo.

Hilo la mwisho lina uzito. Katika utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998, watafiti walizifuatilia jozi 130 za maharusi kwa miaka kadhaa. Ndoa zilizodumu kwa furaha zilikuwa zaidi zile ambazo mume alikubali kuguswa na maoni ya mkewe. Kukubali maoni ya mke hakukumwondolea mume heshima.

TAHADHARI: SI KILA UTULIVU NI WEMA

Sasa, akina mama, hapa nawaomba tusikilizane vizuri, hasa wale wenye mabinti.

Wahenga walisema pia kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Kuna watu wanaojifunza sauti ya upole, macho ya kutulia na maneno ya kusikiliza kama vile mvuvi anavyojifunza kutia chambo kwenye ndoana. Siku hizi vijana wanaona mafunzo ya namna hiyo hata kwenye simu zao: simama hivi, mtazame hivi, usimpigie kwa siku mbili ili akutamani. Huo ni utulivu wa nje tu. Ndani hamna kumjali mtu, na kwa kawaida haumalizi mwaka.

Kuna pia udhibiti unaovaa nguo za upendo. Mwanzoni unafanana sana na usikivu. Anakupigia simu mara kumi kwa siku, nawe unasema, "Huyu ananijali." Anajua ratiba yako yote. Hapendi uende kwa marafiki kwa sababu "anakukosa". Anataka namba yako ya siri ya M-Pesa kwa sababu "sisi ni kitu kimoja". Tofauti iko wapi?

Msikivu anataka kujua unaendeleaje. Mdhibiti anataka kujua uko wapi, uko na nani, na umevaa nini.

Msikivu anafurahi ukiwa na dada zako, chama chako na kazi yako. Mdhibiti anakutenga nao mmoja mmoja hadi unabaki naye peke yake.

Msikivu ukimweleza udhaifu wako anautunza. Mdhibiti anauweka akiba, siku ya ugomvi anakupiga nao.

Ukiwa na msikivu unakuwa huru zaidi kadiri siku zinavyopita. Ukiwa na mdhibiti, ulimwengu wako unazidi kuwa mdogo.

Basi binti atamjua vipi mtu wa kweli? Mama, mfundishe kutazama mambo manne, na ayatazame kwa muda mrefu. Haraka haraka haina baraka.

Moja, anafanyaje akiambiwa "hapana"? Liwe ni jambo dogo, kama "leo siwezi kuonana nawe, nina mtihani". Mtulivu atasema, "Sawa, nitakukosa, soma vizuri." Mwigizaji ataanza kukushinikiza, kukulaumu, kununa, au kukutisha kwamba atakuacha.

Mbili, anafanyaje akikosea? Je, anaweza kusema "nisamehe" bila kuongeza "lakini wewe ndiye uliyenifanya"?

Tatu, anawatendeaje watu wasio na cha kumpa? Mwangalie na makanga aliyekosea chenji, na mhudumu wa hoteli aliyechelewesha chai, na ndugu yake mdogo. Hivyo anavyowatendea hao leo, ndivyo anavyoweza kukutendea wewe akishakuzoea.

Nne, anafanyaje mambo yakiharibika? Kazi imekwisha, gari limeharibika, timu yake imefungwa. Ni rahisi kuwa mtulivu siku ya mshahara.

Neno moja la muhimu hapa. Majaribio haya ni ya kutazama tu. Kama tayari unamwogopa mtu, usimchokoze ili umpime. Hofu yako yenyewe ni jibu.

Na kwa wasichana walio chini ya miaka 18, hapa hakuna mjadala. Mwanamume mzima mwenye sauti tulivu, anayesikiliza matatizo ya msichana wa shule, anayempa nauli, pedi na simu, hampendi. Wengine wanamwita "sponsa". Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, mtoto chini ya miaka 18 hawezi kisheria kukubali kufanya mapenzi. Kosa ni la mtu mzima. Mara nyingi anachokitafuta binti huyo ni mtu wa kumsikiliza. Kwa hiyo, mama, baba, mlezi, tumsikilize sisi kwanza nyumbani, ili asivutwe na mtu wa kwanza atakayemwuliza, "Leo umeshindaje?"

VIJANA WETU WA KIUME WANAJIFUNZA WAPI?

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwanamume mtulivu ameundwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika nyumbani, akiwa bado mtoto. Samaki mkunje angali mbichi.

Tunawafundisha nini wavulana wetu? Kijana wa miaka mitano akianguka analia, tunamwambia, "Nyamaza, wewe ni mwanamume!" Akiogopa, tunamcheka. Akikasirika na kupiga, tunasema, "Huyu ni dume." Mwishowe anajua hisia moja tu ambayo anaruhusiwa kuionyesha, nayo ni hasira. Akiwa na huzuni anakasirika. Akiwa na aibu anakasirika. Akiwa na hofu ya kuachwa anakasirika. Halafu tunamtegemea akioa awe mtulivu. Atautoa wapi utulivu huo?

Haya ndiyo tunayoweza kufanya tukianza leo.

Mpe mtoto majina ya hisia. "Naona umeudhika kwa sababu ndugu yako amechukua mpira wako." Mtoto anayeweza kusema "nimeudhika" hahitaji kurusha jiwe ili ajulikane kwamba ameudhika.

Mfundishe kutulia kwa mwili. Hasira inapopanda na moyo unapokwenda mbio, masikio ni kama yamefungwa, mtu hawezi kumwelewa mwenzake. Avute pumzi polepole kupitia puani, kisha aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta, mara kadhaa. Kwa vijana na watu wazima, kupumzika kama dakika 20 husaidia mwili kutulia. Lakini aage: "Nimekasirika, nakwenda kutembea kidogo, nitarudi tuongee." Na arudi kweli. Akiondoka bila neno na kurudi usiku wa manane, huko ni kuwatesa walioachwa nyumbani.

Mwache alee. Mvulana ambebe mdogo wake, amlishe, amsafishe pua, ajifunze kusoma kilio: hiki ni cha njaa, hiki ni cha usingizi. Hilo ni darasa kubwa la usikivu. Asiambiwe kwamba hiyo ni kazi ya wasichana.

Mfundishe kukubali "hapana". Dada yake akisema, "Usiguse daftari langu," au "Acha kunitekenya," aache mara moja. Na yeye akisema hapana kwa jambo lake halali, naye asikilizwe.

Mwombe msamaha ukimkosea. Mtoto aliyeombwa msamaha na mtu mzima anajua kwamba kusema "samahani" hakumpunguzii mtu kimo.

Mama unayelea peke yako, usivunjike moyo ukidhani mwanao hataweza kuwa mwanamume mzuri kwa sababu baba hayupo. Mvulana hujifunza kwa wengi. Mtafutie mjomba, babu, mwalimu au kocha wa mpira ambaye umeona kwa macho yako kwamba ni mtulivu na ni salama, umpe nafasi ya kuwa karibu na watu kama hao, nawe uendelee kujua wanakutana wapi na wanafanya nini. Nawe mwenyewe, kila unapojizuia kupiga kelele ukiwa umechoka, unamfundisha.

NA KAMA TAYARI UKO NDANI YA NDOA?

Baadhi yenu mnajiuliza, "Sasa mimi ambaye mume wangu hasikilizi nifanye nini?" Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna mume asiyejua kusikiliza kwa sababu hakufundishwa, lakini hakutishi wala hakupigi. Huyo mnaweza kufundishana. Chagua wakati ambao wote mmekula na mmepumzika. Sema jambo moja tu, na sema unavyojisikia kabla ya kumlaumu: "Baba Juma, nikiongea nawe ukitazama simu, najiona kama sina maana. Naomba dakika kumi tu kila jioni." Akifanya vizuri, mwambie umeona. Mkaribishe kliniki pia. Wanaume wengi hawaji kwa sababu wanadhani hawatakiwi, na wakija wanauliza maswali mazuri sana.

Lakini kama mume wako anakupiga, anakutishia, anakulazimisha tendo la ndoa au anakunyima chakula na matibabu, tatizo lako haliitwi kutosikilizana. Hiyo ni dhuluma, na haikutokana na wewe kukosa upole. Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inakuruhusu kuomba amri ya mahakama ya kukulinda. Piga simu 1195, ni bure, ni laini ya kitaifa ya kusaidia walionyanyaswa kijinsia. Kwa watoto, piga 116, nayo ni bure. Unaweza pia kwenda kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi, au umweleze muuguzi aliye karibu nawe.

Kama kuna aliyebakwa au kunajisiwa, nenda hospitalini mara moja, hata kabla ya kwenda polisi. Usioge na usifue nguo kwanza. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Dawa za kuzuia mimba za dharura hufanya kazi ndani ya saa 120, nazo pia ni bora zikimezwa mapema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mwanamume mtulivu hukasirika kama wengine, lakini hasira yake haimfanyi mtu yeyote aogope.
2. Wanawake huvutwa na mtu kama huyo kwa sababu mbele yake mwili na moyo hujisikia salama.
3. Usikivu hukufanya uwe huru zaidi. Udhibiti hukufunga, hata ukija na maua.
4. Mtazame mtu akiambiwa hapana, akikosea, akiwa na wanyonge, na mambo yakiharibika.
5. Utulivu hufundishwa. Anza na mvulana aliye nyumbani kwako.
6. Mwenye kuumizwa hana kosa. Nambari za bure ni 1195 kwa watu wazima na 116 kwa watoto.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

Je, katika kijiji chetu tunamsifu mvulana kwa mambo gani? Je, ni mwanamume gani hapa kwetu ambaye watoto humkimbilia badala ya kumkimbia, naye anafanya nini tofauti? Je, binti yangu akiwa na jambo zito moyoni, atamweleza nani kwanza?

Akina mama na walezi, kaeni na maswali hayo, na mkiweza zungumzeni na wanaume wa nyumbani pia, maana kipindi hiki ni chao vilevile. Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya chakula cha mtoto anapofikisha miezi sita. Hadi wakati huo, mimi muuguzi wenu nawatakia afya njema na amani nyumbani.